Soma nambari ya faili kabla ya kuihariri: Mwongozo kwa wapenzi wa michezo ya video

ILIKUWA likizo ya Desemba mwaka wa 2010 mjini Embu, nami nilikuwa nimefika kwa dada yangu kupumzika siku chache baada ya pilkapilka za chumba cha habari. Nilimkuta mpwa wangu, aliyekuwa ametoka tu kumaliza kidato cha pili, ameketi mbele ya runinga huku ameshika tama.

“Mjomba, ligi yetu yote imepotea,” akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Ligi aliyoizungumzia ilikuwa ndani ya mchezo wa kandanda wa Pro Evolution Soccer 2009, katika mashine ya PlayStation 2. Yeye na kaka yake mkubwa walikuwa wamefuta majina ya timu za ng’ambo na kuandika ya kwao: Runyenjes, Siakago, Ishiara, Manyatta, Nkubu na Chogoria. Kila timu ilikuwa na jezi yake na wachezaji waliopewa majina ya vijana wa mtaani. Kazi hiyo ilikuwa imewachukua karibu miaka miwili ya likizo. Kisha kaka mtu akasafiri kwenda Ghuba kutafuta riziki, na ligi ikabaki kuwa kumbukumbu ya siku walizokaa pamoja.

Diski ya mchezo ilikwaruzika, wakanunua nyingine yenye jina lile lile. Walipoitia mashineni, mchezo ukatangaza kwamba hakuna chochote kilichohifadhiwa. Kijana akaipeleka kadi ya kumbukumbu kwa fundi mmoja, naye akaitazama, akasema kwamba imeharibika, akaisafisha yote na kuirejesha ikiwa tupu.

Miaka kadhaa ilipita kabla sijaelewa kilichotendeka. Kadi ile haikuwa na kasoro yoyote. Diski ya kwanza ilikuwa ya toleo la Ulaya, na ya pili ilikuwa ya Marekani. Faili ya ligi ilikuwapo, nzima, lakini mchezo mpya ulikuwa ukiitafuta kwa jina jingine. Tofauti kati ya majina hayo mawili ni herufi chache tu. Laiti mmoja wetu angejua kuzisoma, ligi ingekuwapo hadi leo.

Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji namna ya kuzisoma herufi hizo, na namna ya kuihariri faili ya mchezo bila kuiangamiza. Vijana wengi wa Meru na Embu, kuanzia vibanda vya michezo vya Makutano hadi vyumba vya wanafunzi kule Nchiru na Kangaru, hujaribu uhariri huu. Wengi wao huanza na hatua ya mwisho.

Stakabadhi ya majani chai

Faili ya hifadhi ni ile ambamo mashine huandika hatua aliyofikia mchezaji: fedha alizochuma, mechi alizoshinda, silaha alizonazo au timu alizounda. Mashine ikizimwa, faili hiyo hubaki katika kadi ya kumbukumbu au katika diski ya ndani.

Mkulima yeyote wa majani chai anayepeleka mazao yake kwenye viwanda vya Mungania na Rukuriri kule Embu, au Kionyo na Githongo kule Meru, anaweza kuielewa faili hii kwa urahisi. Katika kituo cha kununulia majani chai, mkulima hutambuliwa kwa nambari yake. Kilo alizoleta huandikwa, kisha zikajumlishwa. Mwisho, karani huthibitisha kwamba hesabu ile ilitoka mikononi mwake.

Faili ya mchezo nayo aghalabu huwa na mambo hayo hayo matatu. Kuna nambari ya kutambulisha faili ni ya mchezo gani na ni ya nani. Kuna jumla, yaani hesabu ya kuhakikisha kwamba hakuna tarakimu iliyobadilika. Katika mashine za miaka ya karibuni kuna pia muhuri, ambao ni sahihi ya kidijitali inayothibitisha kwamba faili imeandikwa na mashine au akaunti inayohusika.

Anayehariri kilo peke yake akasahau nambari, jumla na muhuri hujikuta na stakabadhi ambayo hakuna karani atakayeipokea. Mashine itasema kwamba faili imeharibika, ilhali haina tatizo lolote isipokuwa kutopatana na maelezo yake yenyewe.

Kusoma kitambulisho

Tuanze na PlayStation 2, ambayo ilizinduliwa nchini Japani Machi 2000 na kuuzwa zaidi ya mashine milioni 155 kote duniani kabla ya utengenezaji wake kukoma. Ingawa ni ya zamani, kanuni zake ndizo zilizoendelea katika mashine zilizofuata.

Kila diski halali ya mashine hii ina herufi nne na tarakimu tano zilizochapwa juu yake. Diski za Ulaya huanza kwa SLES au SCES. Za Marekani huanza kwa SLUS au SCUS. Za Japani huanza kwa herufi kama vile SLPS, SLPM na SCPS. Herufi ya pili huonyesha mchapishaji: L ni ya kampuni iliyopewa leseni, na C ni ya kampuni ya Sony yenyewe. Herufi ya tatu ndiyo inayoonyesha eneo, E ikiwa Ulaya, U ikiwa Marekani na P ikiwa Japani.

Chukua mfano wa Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa mwaka wa 2004. Toleo la Marekani ni SLUS-20946, na toleo la Ulaya ni SLES-52541. Mchezaji akiwatazama wahusika na barabara kwenye runinga, ataapa kwamba ni mchezo mmoja. Kwa mashine, hiyo ni michezo miwili isiyojuana.

Mchezo unapohifadhi kazi yake katika kadi, hufungua folda yenye nambari hiyo na kuitangulizia herufi mbili zaidi. Folda ya Ulaya huanza kwa BESLES, ya Marekani kwa BASLUS. Mchezo wa Marekani ukiamshwa hutazama tu folda inayoanza kwa BASLUS na kufuatwa na nambari yake. Isipokuwapo, husema hakuna kitu. Hausemi uongo, haukuulizwa kama kuna folda ya ndugu yake wa Ulaya.

Hapo ndipo mpwa wangu alipoponzwa. Mashine yake, kama nyingine nyingi za wakati huo, ilikuwa imefunguliwa na mafundi ili isome diski za kila eneo. Kwa hiyo diski ya Marekani ilicheza bila kunung’unika, na hakuna aliyeshuku kwamba faili na diski zilikuwa za maeneo tofauti.

Mashine zilizofuata ziliendeleza desturi hiyo kwa herufi nyingine. Diski za PlayStation 3, iliyotoka mwaka wa 2006, huwa na BLES kwa Ulaya na BLUS kwa Marekani, na michezo iliyonunuliwa mtandaoni huwa na NPEB au NPUB. Mashine ndogo ya mkononi ya PSP ilikuwa na ULES na ULUS. PlayStation 4, ya mwaka wa 2013, hutumia CUSA na tarakimu tano, nayo PlayStation 5 hutumia PPSA. Katika hizi za mwisho herufi hazionyeshi eneo, lakini toleo la eneo moja bado laweza kuwa na tarakimu tofauti na la eneo jingine.

Xbox 360 na herufi zilizojificha

Mashine ya Xbox 360, iliyotolewa na Microsoft mwaka wa 2005, ilifuata njia nyingine. Mchezo hutambuliwa kwa alama nane ambazo kwa macho ya mgeni hazina maana. Mathalani, Halo 3 ya mwaka wa 2007 hutambuliwa kwa alama 4D5307E6.

Alama hizo ni tarakimu za mfumo wa heksadesimali. Katika hesabu za kawaida tuna tarakimu kumi, 0 hadi 9. Katika mfumo huu tuna kumi na sita: baada ya 9 hufuata A inayosimamia 10, B inayosimamia 11, hadi F inayosimamia 15. Kompyuta huupenda mfumo huu kwa sababu tarakimu mbili zake hutosha kuandika baiti moja, yaani kipimo kidogo cha kumbukumbu.

Baiti moja yaweza kusimamia herufi. Katika jedwali linalotumiwa na kompyuta, 4D ni herufi M na 53 ni herufi S. Kwa hiyo 4D53 mwanzoni mwa kitambulisho cha Halo 3 ni MS, kifupi cha mchapishaji, Microsoft. Vivyo hivyo, 45 ni E na 41 ni A. Ukikutana na kitambulisho kinachoanza kwa 4541, kama ilivyo katika michezo ya kandanda ya FIFA ya mashine hiyo, utajua kwamba mchapishaji ni EA. Alama nne za mwisho ndizo nambari ya mchezo wenyewe.

Faili ya hifadhi ya Xbox 360 ina vitambulisho vingine pia: cha mchezaji, chenye alama 16, cha mashine iliyoiandika, na cha kifaa ilimohifadhiwa. Ukiifungua faili hiyo kwa programu ya kuonyesha baiti, mwanzoni kabisa utaona herufi CON. Hizo humaanisha kwamba imetiwa sahihi na mashine ya mchezaji. Faili zilizotiwa sahihi na Microsoft yenyewe, kama vile michezo iliyonunuliwa mtandaoni, huanza kwa LIVE au PIRS.

Ndiyo sababu kijana wa Maua anayechukua faili ya rafiki yake wa Nkubu na kuinakili katika mashine yake huiona lakini mara nyingi hawezi kuitumia. Stakabadhi ina nambari ya mkulima mwingine.

Kilo, jumla na muhuri

Tuseme sasa kwamba kitambulisho kimepatana, na mchezaji anataka kubadilisha fedha zake kutoka 1,000 hadi 999,999. Ndani ya faili hatapata tarakimu hizo zikiwa zimeandikwa kama tunavyoziandika sisi. Elfu moja katika heksadesimali ni 3E8, na 999,999 ni F423F.

Kuna jambo jingine linalowatatiza wengi. PlayStation 2 huandika baiti ndogo kwanza, hivyo 1,000 itaonekana kama E8 03. Xbox 360 huanza na kubwa, hivyo itaonekana kama 03 E8. Mtu asiyejua tofauti hiyo huweza kutafuta kutwa nzima asiione nambari iliyo mbele ya macho yake, au akabadilisha nyingine isiyohusika na fedha kamwe.

Nafasi nayo ina kipimo. Iwapo mchezo umetenga baiti mbili kwa ajili ya fedha, kiwango cha juu kabisa kitakachoingia ni 65,535. Kulazimisha 999,999 kunahitaji baiti tatu, na hiyo ya tatu itaangukia juu ya jambo jingine, labda idadi ya risasi au siku ya kalenda ya mchezo. Hapo ndipo mchezaji huanza kuona vioja: mhusika asiye na kichwa, au msimu usiokwisha.

Sasa tuje kwenye jumla. Stakabadhi yenye kilo 12, 9 na 15 ina jumla ya 36. Mjanja akigeuza 9 kuwa 90 bila kugusa jumla, karani atajumlisha apate 117, na hila itafichuka papo hapo. Faili nyingi za michezo hulindwa hivyo. Mchezo hujumlisha baiti zote, hulinganisha na jumla iliyoandikwa, na zisipopatana huikataa faili. Katika mashine za miaka ya karibuni hesabu hiyo si ya kujumlisha tu. Ni hesabu ngumu ambayo kubadilika kwa baiti moja hugeuza jibu lote. Katika PlayStation 3, hesabu hizo huwekwa katika faili iitwayo PARAM.PFD, nayo PARAM.SFO hubeba maelezo ya faili na ya mwenyewe.

Kwa hiyo programu ya kuhariri iliyotengenezwa vyema hufanya kazi mbili: hubadilisha kilo, kisha huandika upya jumla. Kwa Xbox 360 huongeza ya tatu, ya kutia sahihi upya. Katika PlayStation 4 faili hufungwa pia kwa msimbo na kuambatanishwa na akaunti ya mchezaji, hivyo kwamba mtu wa kawaida hawezi kuisoma, sembuse kuihariri, bila kupitia huduma za watu asiowajua. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo, na tutairejelea.

Hatua za kufuata

Mhariri wa gazeti hujifunza mapema kwamba hauguswi mswada wa mwandishi kabla ya kuweka nakala yake kando. Kanuni hiyo ndiyo ya kwanza hapa pia.

Kwanza, nakili. PlayStation 2 ina nafasi mbili za kadi, na katika ukurasa wake wa mwanzo mchezaji anaweza kunakili faili kutoka kadi moja hadi nyingine bila programu yoyote ya ziada. PlayStation 3, Xbox 360 na PlayStation 4 huruhusu kunakili faili nyingi katika flashi kupitia ukurasa wa mipangilio, ingawa michezo michache huzuia jambo hilo. Faili za michezo ya PlayStation 5 haziwezi kunakiliwa katika flashi. Huhifadhiwa mtandaoni kwa wanaolipia huduma ya PlayStation Plus. Nintendo Switch vilevile haiweki faili hizo katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Anayetumia mashine hizi mbili hana budi kufahamu hilo kabla ya kuifuta yoyote.

Pili, andika. Chukua daftari uandike jina la mchezo, nambari iliyo juu ya diski, tarehe na mahali nakala ilipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kibanda cha michezo ambaye wateja wake huhifadhi ligi zao katika mashine zake ana wajibu mkubwa zaidi, kwani hizo si mali yake.

Tatu, linganisha. Kabla ya kutumia faili uliyopewa na mwingine, hakikisha kwamba herufi na tarakimu zake zinalingana na za diski yako. Zikitofautiana, usiibadilishe jina kwa matumaini. Mara nyingine hilo hufaulu, lakini mpangilio wa ndani wa toleo moja waweza kuwa tofauti na wa jingine, na mchezo ukakwama katikati.

Nne, badilisha jambo moja kwa wakati. Hariri, rejesha katika mashine, jaribu, kisha uendelee. Anayebadilisha mambo kumi kwa pamoja hatajua ni lipi lililomponza.

Tano, usikubali kamwe kufuta kadi nzima kwa sababu ya ujumbe mmoja kwenye runinga. Ujumbe wa kwamba hakuna kilichohifadhiwa haumaanishi kwamba kadi ni tupu. Tazama kwanza yaliyomo kupitia ukurasa wa mwanzo wa mashine yenyewe. Ukiona picha ndogo ya mchezo wako pale, faili ipo.

Umeme ukipotea

Adui mwingine wa faili za hifadhi ni kukatika kwa umeme. Mashine inapoandika faili, hubadilisha pia orodha ya yaliyomo katika kadi. Umeme ukitoweka katika sekunde hizo, orodha hubaki nusu, na pengine faili nyingine ambazo hazikuguswa zisipatikane tena.

Ni kinaya kwamba wakazi wa Embu, wanaopakana na mabwawa ya Mto Tana kama Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hukumbwa na giza kama Wakenya wengine. Wengi wangali wanakumbuka Juni 7, 2016, wakati tumbili alipopanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru na kuangukia transfoma. Kampuni ya KenGen ilieleza kwamba zaidi ya megawati 180 zilipotea, na taifa zima likabaki gizani kwa saa kadhaa. Tumbili huyo alinusurika, akakabidhiwa maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Agosti 25, 2023, usiku, giza jingine lilitanda karibu nchi nzima.

Hatuwezi kumzuia tumbili, lakini twaweza kuwa na nakala. Usihifadhi mchezo taa zinapofifiafifia, na usitoe kadi wala flashi hadi mashine imalize kuandika. Ikiwa mashine yako ilinunuliwa Marekani, soma maandishi ya nyuma yake kabla ya kuichomeka ukutani. Mashine kadhaa za kule ziliundwa kwa umeme wa volti 120, ilhali wetu ni wa volti 240, na moshi wake hausubiri nakala.

Jina la farasi

Wapo wanaouliza: faili ya mchezo yaweza kudhuru mashine? Jibu ni ndiyo, na mfano mashuhuri ni wa mwaka wa 2008. Watafiti waligundua kwamba katika mchezo wa The Legend of Zelda: Twilight Princess kwenye mashine ya Wii, jina la farasi wa mhusika lilisomwa bila kupimwa urefu. Wakaandaa faili ya hifadhi ambamo jina hilo lilikuwa refu kupita kiasi, na ndani ya maneno yaliyofurika wakatia amri zao. Mashine ilipolisoma jina la farasi, ikaanza kutekeleza amri hizo.

Nia ya watafiti hao ilikuwa kuifungua Wii ili itumie programu zao wenyewe. Hata hivyo, mlango uliopitiwa na mwenye nia njema hupitika pia kwa mwovu. Faili kutoka kwa mtu usiyemjua yafaa kutazamwa kama chakula cha mgeni njiani.

Hatari iliyo kubwa zaidi haimo katika faili yenyewe, imo katika programu za kuihariri. Kijana anayetafuta programu hizo kwenye intaneti hukutana na nyingi zilizobeba virusi ndani yake, hasa zile zinazomtaka kwanza azime kinga ya kompyuta. Nyingine humwomba jina la akaunti na nambari yake ya siri ili “zimsaidie” kutia muhuri. Hakuna uhariri wowote wa faili ya hifadhi iliyo mikononi mwako unaohitaji kumpa mwingine nambari yako ya siri. Akaunti hizo huwa na barua pepe, na mara nyingine nambari ya kadi ya benki ya mzazi.

Kompyuta ya kutumia kwa kazi hii nayo ichaguliwe. Kompyuta ya saiberi ambayo watu huitumia kujaza fomu za serikali, au ile ya mama yenye hesabu za chama, haifai kwa majaribio ya programu zisizojulikana.

Sheria na uungwana

Kubadilisha fedha za kubuni katika mchezo wako, nyumbani kwako, bila intaneti, hakumdhuru mtu. Mambo hugeuka mtu anapovuka mipaka. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka wa 2018 inaharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mwingine bila idhini, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Akaunti ya rafiki yako iko katika seva ya mwingine. Nayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inakataza kuvunja kinga za kiteknolojia zinazolinda kazi za wabunifu.

Kampuni za michezo nazo zina kanuni zao. Anayepeleka faili iliyohaririwa katika mashindano ya mtandaoni huweza kufungiwa akaunti, akapoteza michezo aliyoinunua kwa fedha halali. Na hata kanuni zisingekuwapo, kuna suala la uungwana. Kumshinda mwenzako kwa mchezaji uliyempa nguvu kwa kalamu ni sawa na kuongeza kilo kwenye stakabadhi: kuna mwingine atakayelipia.

Lakini uhariri wenyewe si dhambi. Katika baadhi ya matoleo ya michezo ya Konami ya miaka ile, Chelsea iliitwa London FC kwa sababu kampuni haikuwa na leseni ya kutumia jina lake, nayo Liverpool katika matoleo mengine ikaitwa Merseyside Red. Wachezaji kote duniani waliketi wakarekebisha majina na jezi kwa mikono yao, wakagawana kazi hiyo bure. Vijana wawili wa Embu walikwenda mbele zaidi, wakatia Runyenjes na Siakago katika ligi moja.

Kaka mkubwa alirejea nyumbani mwaka wa 2014. Walipoketi kuianzisha ligi upya, hawakukumbuka majina ya wachezaji wote, na wengine waliokuwa wametiwa humo walikuwa wamehama au wametangulia mbele ya haki. Ligi ya pili haikuwa kama ya kwanza. Hata hivyo, ina nakala tatu: mbili katika kadi na moja katika kompyuta.

Kando ya runinga ya dada yangu kuna daftari la shule lenye jalada la bluu. Ukurasa wake wa kwanza una jina la mchezo, tarehe, na herufi nne zinazofuatwa na tarakimu tano. Zimepigiwa mstari mara mbili.